Utatu, Jina la Yesu au Mwana Aliyeumbwa: Ulinganisho kwa Mkristo wa Kigoma Anayetakiwa Kuchagua

Hapa Kigoma binti anaweza kuzaliwa katika familia ya Kikatoliki Ujiji, akaokoka kwenye mkutano wa injili Mwanga, akachumbiwa na kijana wa Gungu anayesali na watu wa Jina la Yesu, na wakati bado vikao vya harusi vinaendelea, Mashahidi wa Yehova wawili wakapiga hodi asubuhi na Biblia mkononi. Wote hao wanamtaja Yesu, na wote wanasoma Injili ya Yohana. Ila mmoja anamwambia Yesu ni Mungu Mwana, mwingine anamwambia Yesu ndiye Baba mwenyewe aliyekuja katika mwili, na wa tatu anamwambia Yesu ni kiumbe wa kwanza wa Yehova. Haya hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja. Kumwambia binti huyo kwamba Mungu ni mmoja na makanisa ni yale yale ni kumwacha njia panda peke yake.

Mimi ni Mwanglikana na nafundisha darasa la kipaimara, na swali hili vijana wananiletea tena na tena. Naungama Imani ya Nikea, ungamo la kale la Utatu, na sitajificha nitakapofika kwenye uamuzi. Hata hivyo nimeziweka hoja za wengine kama wao wenyewe wanavyozisema, kwa sababu mtu anayechagua ana haki ya kuzisikia zikiwa na nguvu zake zote.

Utakaposikia fundisho lolote kuhusu Yesu, lipeleke sehemu mbili. Lipeleke kwanza Gethsemane, uulize: Yesu alipokuwa akiomba usiku ule, alikuwa anaongea na nani? Kisha lipeleke Golgotha, uulize: aliyekufa pale ni nani hasa? Mtu anaweza kuwa na mistari hamsini ya kukariri, lakini akishindwa kukujibu hayo mawili, ujue fundisho lake bado lina pengo.

Nani anasema nini

Fundisho la Utatu ni hili: Mungu ni mmoja tu, na katika umungu huo mmoja kuna Nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Baba si Mwana, Mwana si Roho, na hakuna aliyekuwako kabla ya mwenzake. Hivi ndivyo wanavyoungama Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wamoravian, Wabaptisti, Waadventista Wasabato, na Wapentekoste walio wengi, wakiwemo FPCT (Free Pentecostal Church of Tanzania) na TAG (Tanzania Assemblies of God). Wamisionari wa kwanza waliokuja kuanzisha misheni Ujiji, Waprotestanti wa London Missionary Society mwaka 1878 na Wakatoliki wa White Fathers mwaka 1879, walikuwa na tofauti kubwa kati yao, lakini hawakuwa na ugomvi juu ya Utatu. Ndiyo maana kwa wazee wetu wengi fundisho hili lilikuja pamoja na Ukristo wenyewe, na hawakuwahi kufikiri kwamba kuna Mkristo anaweza kulikataa.

Waadventista wana historia ambayo wengi hawaijui. Waasisi wao kadhaa wa karne ya 19, James White na Uriah Smith wakiwemo, hawakuukubali Utatu. Kanisa lao lilibadilika polepole, na leo tamko lao rasmi la imani linaungama Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Kwa hiyo anayekuambia Wasabato wanakana Utatu anasimulia mambo ya zamani sana.

Watu wa Jina la Yesu, ambao wengine huwaita Yesu Pekee, wanasema Mungu ni mmoja bila Nafsi tatu. Kwao Baba, Mwana na Roho ni namna Mungu huyo mmoja alivyojifunua, na jina lake ni Yesu. Mistari yao mikubwa ni Isaya 9:6, ambako mtoto atakayezaliwa anaitwa "Baba wa milele", Yohana 14:9, "aliyeniona mimi amemwona Baba", na Wakolosai 2:9, kwamba katika Kristo unakaa utimilifu wote wa Mungu kwa jinsi ya kimwili. Wazo hili lilikuwako Roma tangu mwanzo wa karne ya 3 kwa mwalimu aitwaye Sabelio. Katika Upentekoste lilizuka baada ya mkutano wa kambi wa mwaka 1913 karibu na Los Angeles, ambako mhubiri R. E. McAlister alisema kwamba mitume walibatiza kwa jina la Yesu. Mwaka 1916 Assemblies of God walipotoa tamko la kuthibitisha Utatu, wahubiri zaidi ya 150 waliondoka. Makanisa mengi ya Kipentekoste ya Jina la Yesu yaliyoko Afrika Mashariki leo yana mizizi katika mgawanyiko huo. Kwa hiyo kanisa likiitwa la Kipentekoste, jina hilo halikuambii chochote kuhusu jambo hili. Ni lazima uulize.

Mashahidi wa Yehova wanasema Baba peke yake, Yehova, ndiye Mungu Mwenyezi. Yesu ni Mwana wake, aliumbwa kabla ya vyote, naye ndiye Mikaeli malaika mkuu. Roho mtakatifu si Nafsi, ni nguvu ya utendaji ya Mungu. Huanzia kwenye Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote", wakaenda Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", na Marko 13:32, ambako Yesu anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata Mwana, ila Baba. Kundi lao lilitokana na wanafunzi wa Biblia wa Charles Taze Russell huko Marekani miaka ya 1870, na jina wanalotumia sasa walilichukua mwaka 1931. Lakini mwenye hoja hii wa zamani zaidi ni Ario, padri wa Alexandria, Misri, aliyefundisha kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako.

Wako pia wanaosema Yesu alikuwa mtu tu, nabii mkuu aliyejazwa Roho, ambaye hakuwako kabla ya Mariamu. Huko Ulaya wafuasi wa Fausto Sozzini walifundisha hivyo karne ya 16 na 17. Kwetu sijaona kanisa kubwa linalolihubiri wazi, ila ni jibu ambalo Mkristo mvivu wa kusoma hulitoa haraka pale jirani yake Mwislamu anapomuuliza, "Mungu anazaaje?" Tunaoishi na ndugu zetu Waislamu Ujiji tunalijua swali hilo tangu utoto. Lina jibu, wala jibu lake si kumshusha Yesu. Nikea inasema "aliyezaliwa bila kuumbwa", na hakuna Mkristo wa upande wowote katika ulinganisho huu anayefundisha kwamba Mungu alioa au alikuwa na mke. Mwana ni wa Baba milele. Hakuna siku Baba alianza kuwa Baba.

Gethsemane

"Ee Baba, ikiwa ni mapenzi yako, uniondolee kikombe hiki, walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Hiyo ni Luka 22:42. Isome polepole, kisha muulize kila mmoja.

Shahidi wa Yehova anajibu bila kusita: Mwana anamwomba Mungu wake. Nakiri kwamba hapa jibu lake ndilo jepesi kuliko yote, na anayetaka kumjibu asijifanye haoni. Kuna wawili, mmoja anaomba na mwingine anaombwa, na anayeomba anatii.

Ndugu wa Jina la Yesu anajibu kwamba ubinadamu wa Yesu ulikuwa unauomba Uungu uliokuwa ndani yake. Ukimwambia kwamba kwa maelezo hayo Yesu alikuwa anajiomba mwenyewe, atakataa, na ana haki ya kukataa, kwa sababu kwao "Mwana" maana yake ni Mungu akiwa katika mwili, na mwili huo ulikuwa na udhaifu wa kweli uliohitaji maombi. Jibu hilo naliheshimu. Tatizo linakuja mistari michache tu kabla ya bustani, kwenye Yohana 17:5: "Na sasa, Baba, unitukuze mimi pamoja nawe, kwa utukufu ule niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako." Ubinadamu wa Yesu ulianza tumboni mwa Mariamu. Huyu anayesema "niliokuwa nao pamoja nawe" kabla ya ulimwengu ni nani, na huyo "nawe" ni nani? Wao husema utukufu huo ulikuwa katika mpango wa Mungu, kama vile mtu anavyoweza kuzungumzia jambo lililokusudiwa. Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi na bado naona mstari unakataa kuingia humo. Mpango hauna utukufu pamoja na mtu. Mstari wa 24 wa sura hiyo hiyo unazungumza juu ya Baba aliyempenda Mwana kabla ya kuwekwa msingi wa ulimwengu, na upendo unahitaji anayependa na anayependwa.

Hapa ndipo mfano wa maji, barafu na mvuke unapotuponza. Sisi wa Utatu tunaufundisha watoto kila mwaka, tukidhani tunawasaidia, kumbe tunawafundisha Sabelio. Maji yale yale yanakuwa barafu, kisha yanakuwa mvuke. Barafu haiongei na mvuke. Mtoto aliyelelewa na mfano huo akikutana na mhubiri wa Jina la Yesu atamwona anasema kile kile alichofundishwa, ila kwa ufasaha zaidi. Nawaomba walimu wenzangu wa shule ya Jumapili tuuache. Mwonyeshe mtoto ubatizo wa Yesu katika Luka 3: Mwana amebatizwa na anaomba, Roho anashuka, sauti ya Baba inatoka mbinguni, vyote kwa wakati mmoja. Anaelewa.

Jibu la Utatu kuhusu Gethsemane, basi, ni kwamba Mwana, Nafsi ya kweli, anaongea na Baba, Nafsi nyingine ya kweli, wala si mchezo. Lakini Yesu anasema "si mapenzi yangu, bali yako". Kama Mwana na Baba wana umungu mmoja, inakuwaje wana mapenzi mawili? Swali hili liliwatesa Wakristo hadi karne ya 7. Mtawa mmoja, Maksimo Muungamaji, alijibu kwamba Kristo ana mapenzi ya kimungu na mapenzi ya kibinadamu, na pale bustanini mapenzi ya kibinadamu, yanayoogopa kifo kama mtu yeyote anavyokiogopa, yalijinyenyekeza kwa hiari. Kwa kung'ang'ania hilo alikatwa ulimi na mkono wa kuume, akafa uhamishoni mwaka 662. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa tatu wa Konstantinopoli, mwaka 680 hadi 681, ukathibitisha fundisho lake. Watu wanaposema mambo haya ni ubishi wa vitabuni, mimi humkumbuka mzee huyo.

Golgotha

Kwenye swali la pili mizani inageuka.

Shahidi wa Yehova anasema aliyekufa, kwenye mti wa mateso kama wanavyouita, alikuwa mwanadamu mkamilifu, analingana na Adamu kabla hajaanguka. Adamu alipoteza uhai mkamilifu, Yesu akatoa uhai mkamilifu, fidia ikalingana. Wanasema kama Yesu angekuwa Mungu, bei ingezidi deni. Hoja imepangika, na mtu anayependa hesabu iliyonyooka itamvuta.

Soma sasa Warumi 5:8: "Bali Mungu aonyesha pendo lake yeye mwenyewe kwetu sisi, kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Kama aliyekufa ni kiumbe, Mungu anaonyeshaje pendo lake yeye mwenyewe? Aliyeonyesha pendo ni kiumbe yule aliyekubali kutumwa. Mungu alibaki mbinguni akapokea malipo. Maneno ya Paulo yana uzito wote kama Mwana aliyetolewa ni wa umungu wa Baba mwenyewe, kwamba Mungu hakumtuma mwingine akaumie kwa niaba yake. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ningeandika makala nzima juu ya mstari huu mmoja.

Athanasio, aliyekuja kuwa askofu wa Alexandria, aliliona hilo akiwa kijana. Alimjibu Ario kwa mambo mawili. La kwanza, kiumbe hawezi kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu, kwa sababu yeye mwenyewe anahitaji kuunganishwa. La pili, Wakristo wanamwabudu Yesu na kumwomba. Kama yeye ni kiumbe, basi Kanisa limekuwa likiabudu kiumbe tangu mwanzo. Stefano akipigwa mawe alisema, "Bwana Yesu, pokea roho yangu." Tomaso alimwambia, "Bwana wangu na Mungu wangu!" na Yesu hakumkemea, wakati malaika wa Ufunuo anamkataza Yohana mara mbili asimsujudie. Mashahidi wana maelezo juu ya Tomaso, na wengine husema alikuwa anashangaa tu. Lakini Yohana anasema Tomaso alimwambia yeye, yaani Yesu.

Wa Jina la Yesu wanasimama vizuri zaidi hapa. Kwao aliyekuja ni Mungu mwenyewe, na ibada yao kwa Yesu ni ya moyo wote. Ukiwasikia wakiimba utajua. Shida yao ni ile ambayo Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, aliitaja mwanzoni mwa karne ya 3 alipoandika dhidi ya Prakseasi, mwalimu wa fundisho kama hilo: wanamsulubisha Baba. Wao hukwepa kwa kusema ubinadamu ndio uliokufa, Uungu haukufa. Lakini wakiutenga ubinadamu kiasi hicho, tunarudi kwenye mwanadamu aliyekufa peke yake, na Warumi 5:8 inabaki inauliza.

"Utatu ulitungwa na Konstantino"

Hoja hii utaisikia kwa Mashahidi, utaisikia kwa Jina la Yesu, utaisikia pia kwenye mihadhara ya Waislamu. Inasemwa kwa uhakika mkubwa, na ni kosa la historia.

Ni kweli kwamba Kaisari Konstantino ndiye aliyeita mtaguso wa Nikea mwaka 325, mji ambao leo uko Uturuki na unaitwa Iznik. Ni kweli pia kwamba neno Utatu halimo katika Biblia. Lakini Tertuliano alikuwa akilitumia neno hilo kwa Kilatini zaidi ya miaka 100 kabla ya Nikea, wakati Wakristo bado wanauawa na serikali ya Roma. Na kama Konstantino alikuwa na hamu ya kuulazimisha Utatu, matendo yake ya baadaye hayaeleweki. Alimwita Ario arudi kutoka uhamishoni. Alimfukuza Athanasio. Alipokuwa karibu kufa, mwaka 337, alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, askofu aliyekuwa upande wa Ario. Mwanawe Konstansio aliwaunga mkono wapinzani wa Nikea kwa miaka mingi. Athanasio alihamishwa mara tano na makaisari wanne tofauti. Imani ya Nikea ilishinda mwaka 381 huko Konstantinopoli baada ya nusu karne ya kukandamizwa na ikulu, ingawa siku hiyo Kaisari Theodosio alikuwa upande wake, na hilo nalo lisifichwe.

Kwa upande wetu kuna mstari mmoja tunapaswa kuuacha mezani. Maneno "mbinguni, Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja" katika 1 Yohana 5 hayamo katika maandiko ya kale ya Kigiriki. Msomi Erasmo aliyaingiza katika chapa yake ya Agano Jipya ya Kigiriki ya mwaka 1522 baada ya kushinikizwa. Anayejenga Utatu juu ya mstari huo anampa mpinzani silaha. Utatu una misingi mingine. 1 Wakorintho 8:6 ni mmojawapo. Paulo anachukua ungamo la Israeli, kwamba Bwana Mungu wetu ni mmoja, na ndani ya ungamo hilo hilo anamweka Baba kuwa Mungu mmoja na Yesu Kristo kuwa Bwana mmoja. Myahudi aliyelelewa na Kumbukumbu la Torati 6:4 alijua anachokifanya.

Mungu na mtu: palipo na udhaifu wetu wenyewe

Tuseme umekubali Utatu. Kazi haijaisha, kwa sababu linafuata swali la namna Yesu alivyo Mungu na mtu, na hapa watu wengi wa Utatu wanaimba ungamo sahihi na kuhubiri kitu kingine.

Apolinari wa Laodikia, rafiki wa Athanasio, alidhani anamtetea Kristo aliposema kwamba alikuwa na mwili wa kibinadamu lakini akili yake ilikuwa ya kimungu tu. Gregori wa Nazianzo alimjibu kwamba kile ambacho Kristo hakukitwaa hakikuponywa. Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, aliogopa kumwita Mariamu Mama wa Mungu, na wengi walimsikia kama anayegawa Kristo kuwa wawili. Sirili wa Alexandria akampinga, na mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ukamwondoa. Eutike akakimbilia upande wa pili, akasema ubinadamu ulimezwa na uungu. Mwaka 451 huko Kalkedoni maaskofu zaidi ya 500 waliungama Kristo mmoja katika hali mbili, ya kimungu na ya kibinadamu, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutengana.

Wakristo wa Misri, Ethiopia, Armenia na Siria hawakuikubali lugha ya Kalkedoni, nao wana makanisa yao hadi leo. Usiwaweke kundi moja na Ario wala na Eutike. Wanamwungama Kristo kuwa Mungu kweli na mtu kweli, na mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja lenye ungamo hilo.

Sasa angalia mahubiri yetu. Ni mara ngapi umesikia kwamba Yesu aliposema hajui siku ile alikuwa anajua ila alificha? Kwamba aliposema naona kiu alikuwa anatimiza tu maandiko? Huyo ni Yesu wa Eutike, mtu kwa sura tu. Luka 2:52 inasema alizidi kuendelea katika hekima na kimo. Naamini alijifunza useremala kama kijana mwingine, kwa kukosea na kurekebishwa na Yusufu, na kukosea kupima ubao si dhambi. Waebrania 5:8 inasema alijifunza kutii kwa mateso. Ukienda wodini Maweni kumwombea mama ambaye amelala siku ya tatu akisubiri majibu ya vipimo, ukamhubiria Yesu ambaye hakuwahi kutojua kesho yake, umemnyima faraja ambayo Injili imempa. Yule wa Marko 13:32 anaweza kukaa naye kwenye kitanda kile. Na kwa kuwa huyo huyo ni Mwana wa milele, kukaa kwake ni kukaa kwa Mungu.

Kwa sababu hiyo mstari ambao Shahidi anautoa kuonyesha kwamba Yesu si Mungu, kwangu ni mmoja wa mistari mizuri kuliko yote kuhusu Mungu.

Majini, na baada ya majini

Tofauti hizi zinaonekana kwa macho siku ya ubatizo. Kibirizi, pembeni kidogo ya mahali wanapoanika dagaa, niliwahi kusimama ufukweni watu wa Jina la Yesu walipokuwa wakibatiza. Mchungaji alikuwa ameingia ziwani hadi kiunoni, shati limemganda mwilini, anamshika kila mtu nyuma ya shingo na kusema, "Nakubatiza kwa jina la Yesu Kristo, upate ondoleo la dhambi zako," anamzamisha mara moja, anamwinua. Kijana mmoja wao alinitambua, akaja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, ninyi mnabatiza kwa vyeo. Baba ni cheo, Mwana ni cheo. Jina liko wapi?"

Hilo ndilo swali lao hasa, nalo si la kubezwa. Matendo 2:38, 8:16, 10:48 na 19:5 zote zinasema watu walibatizwa kwa jina la Yesu. Mathayo 28:19 inasema kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Wao husoma kwamba Mathayo anaamuru na Matendo yanaonyesha jina lenyewe. Sisi husoma kwamba Matendo yanaeleza ubatizo huo ni wa nani, tofauti na ule wa Yohana, na Mathayo anatoa maneno ya kutamka. Kijana yule nilimjibu hivyo, nikaongeza kwamba Didake, mwongozo wa Wakristo ambao wataalamu wengi wanauweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, unaagiza kubatiza kwa majina yote matatu, muda mrefu kabla ya Nikea. Hakukubali, ila aliandika jina la kitabu kwenye simu yake.

Kwa anayechagua, matokeo ni haya. Makanisa ya Jina la Yesu yatakutaka ubatizwe upya hata kama ulizamishwa ukiwa mtu mzima. Mashahidi nao watakubatiza upya, baada ya kujifunza Biblia nao kwa muda. Sisi Waanglikana na Wakatoliki tunatambua ubatizo wa maji uliofanywa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hata kama ulifanyika kwa wenzetu; Wapentekoste wa Utatu wengi hukubali maneno hayo lakini hawahesabu ubatizo wa utotoni. Kwenye meza ya Bwana tofauti ni kubwa zaidi. Kwa Mashahidi Ukumbusho hufanyika mara moja kwa mwaka, mkate na divai vinapitishwa, na wengi waliokaa pale hawali wala kunywa, kwa sababu wanaamini ni vya watiwa-mafuta tu, yaani wale wachache wanaotarajia kwenda mbinguni. Maombi pia: wao huomba kwa Yehova kupitia Yesu, hawamwombi Yesu. Ukizoea kusema "Bwana Yesu, nisaidie" unapovuka barabara, tabia hiyo utaiacha.

Uamuzi wangu

Kama kinachokusumbua ni umoja wa Mungu, unaogopa kuabudu miungu mitatu, utavutwa na Jina la Yesu. Kabla hujakwenda, kaa na Yohana 17 jioni nzima. Kama kinachokusumbua ni mistari ya unyonge wa Yesu, utavutwa na Mashahidi. Wao ni wasomaji wenye bidii, na bidii hiyo inatuaibisha. Kabla hujaenda nao, kaa na Warumi 5:8 na Yohana 20:28, kisha soma tena mistari ile ile ya unyonge ukiwa na Kalkedoni mkononi, uone kama haina nafasi.

Kwangu Utatu pamoja na Kristo mmoja wa hali mbili ndio unaojibu Gethsemane na Golgotha kwa pamoja. Jina la Yesu linajibu nusu ya Golgotha na kukwama bustanini. Mashahidi wanajibu bustani vizuri, ila msalabani Mungu hayuko. Kwa hiyo nachagua Nikea, na ninamwambia kila kijana wa darasa langu achague hivyo, akishasoma.

Na wewe binti wa Ujiji ambaye harusi iko karibu na umeambiwa ubatizwe tena: mwombe mchungaji wa upande ule muda wa kukaa naye, wewe na mchumba wako, na Biblia iwe wazi kwenye Yohana 17:5. Muulize "nawe" ni nani. Kisha nenda kwa padri au mchungaji wa kwenu, umuulize kwa nini Mwana hajui siku ile. Akikujibu kwamba alikuwa anajua ila alificha, usiridhike, mwombe akueleze tena. Tarehe ya ukumbi inaweza kusogezwa. Usiingie ziwani kwa sababu ya tarehe ya ukumbi.